Gasketi ya elfu tatu ilinitoa laki mbili na arobaini

Leo naongea na wenye skuta za kukodisha na wenye viduka vya spea kama mie. Nasema hivi: tuache kupaka silikoni kila mahali. Kava la belti likifungwa, iwekwe gasketi mpya yenye grisi nyembamba. Najua mafundi wengine watanuna, lakini hasara nilishaila mwenyewe, kwa hiyo nna haki ya kusema.

Mie nipo Paje. Nna kiduka cha spea na skuta tatu za kukodisha. Ufundi sikuusomea, skuli niliishia kidato cha nne. Nimejifunza kwa kufungua na kufunga, na kwa kuharibu pia.

Mwaka jana mwezi wa nane, kusi linavuma, wageni wa kite wamejaa, skuta moja ikakata belti. Tukafungua kava la upande wa kushoto, gasketi ya karatasi ikachanika vipande viwili. Dukani kwangu gasketi hiyo imekwisha. Mjini ni kama kilomita 50, na mgeni anaitaka skuta mchana. Fundi akaniuliza, "Tunafanyaje, bosi?" Nikamwambia weka silikoni tu, tunawahi. Kwa hiyo msimlaumu fundi. Maneno yalitoka mdomoni mwangu.

Mwezi wa kumi na mbili rola zikaanza kupiga kelele. Tunafungua tena, kava halitoki. Limeganda kama limechomewa. Tukapiga nyundo, tukachomeka bisibisi, tukabenjua. Paa! Sikio la boliti likakatika, na ule uso wa kava umeingia mikwaruzo kama umetafunwa.

Kava jengine lilitoka Kariakoo, Dar, likaja na boti. Mpaka linafungwa zimepita siku nne. Hesabu yake hii hapa: kava 120,000. Siku nne bila kukodisha, kila siku 30,000, ni 120,000 nyengine. Jumla 240,000. Sijahesabu wateja wawili waliokwenda kwa jirani na hawakurudi tena. Na gasketi niliyoikimbia ni 3,000 tu. Wazee walisema rahisi ghali, nikawa naisikia kama maneno ya kupitisha muda. Sasa naielewa.

Kwa nini inaganda? Karatasi ikikaa kwenye joto la injini inakauka na kung'ang'ania chuma pande zote mbili. Silikoni ni mbaya zaidi, maana kazi yake ni kushika. Halafu sisi wa pwani tuna adui wa ziada: chumvi. Skuta inapita ufukweni maji yakitoka, inalala nje usiku, upepo wa bahari unaipiga. Ule unga mweupe unaouona kwenye alumini, ukingoni mwa kava na kwenye boliti, ni chumvi inaila alumini. Wa bara anaweza kusahau kava mwaka mzima. Wa Paje hawezi.

Sasa njia yangu, naifuata kila mara:

1. Subiri injini ipoe. Kava la moto na mikono yenye haraka ndo mwanzo wa kuvunja.

2. Hesabu boliti kabla ya kubenjua chochote. Mara nyingi kava "lililoganda" lina boliti moja iliyojificha kwenye tope. Chukua boksi, litoboe matundu kwa mchoro wa kava, chomeka kila boliti mahali pake. Urefu wake haulingani, ukizichanganya utaharibu uzi.

3. Likikataa, weka kipande cha ubao halafu gonga taratibu kuzunguka. Bisibisi isiingie katikati ya nyuso mbili. Alumini ni laini, mkwaruzo mmoja ni njia ya vumbi na maji kuingia.

4. Mabaki ya gasketi yalainishe kwa thina kidogo, mbali na moto, halafu kwangua kwa kadi ya benki iliyokwisha muda. Ukitumia wembe, ulaze kabisa. Usisugue kwa msasa, vumbi lake linaingia ndani na kula vyuma. Ziba uwazi kwa kitambaa safi kabla hujaanza.

5. Gasketi mpya ipake grisi pande zote mbili, nyembamba sana, kiasi cha karatasi kung'aa tu. Ukijaza, grisi itarukia belti, belti itateleza, na hapo utakuwa umenunua tatizo jengine.

6. Zile pini mbili ndogo za kuelekeza kava ziwe mahali pake. Boliti zishike kwa mkono kwanza, halafu kaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Ni boliti za spana namba 8, hazitaki nguvu za kubeba gunia. Kwenye uzi wake gusa grisi kidogo tu, nazo zisije zikaganda.

Hapo nitakatazwa na wenye haraka ya kusoma, kwa hiyo someni hili vizuri: grisi si ya kila gasketi. Gasketi ya hedi inafungwa kavu na safi. Pale kuna moto na mgandamizo, grisi itaungua na kukuharibia kazi. Ya ekzosi vilevile, kavu. Kwenye kabureta usiweke grisi, petroli itaiyeyusha na uchafu wake utaziba njia. Ringi za mpira zipake oili ya injini tone moja, isipokuwa zile za petroli. Na kama pakiti ya gasketi imeandikwa ifungwe kavu, au imeshapakwa dawa yake, fuata pakiti, usinifuate mie.

Nishaambiwa, "Grisi itafanya livuje." Kava la belti halina oili ndani wala mgandamizo. Kazi ya gasketi pale ni kuzuia vumbi, mchanga na maji. Grisi nyembamba inasaidia hiyo kazi, na siku ya kufungua kava linatoka kwa kugonga mara mbili. Nyengine naambiwa silikoni ni nafuu. Ni nafuu siku ya kufunga. Siku ya kufungua muulize mwenye skuta. Sisemi silikoni haina kazi, kuna sehemu kiwanda chenyewe kinaiweka. Lakini pale ilipotengenezwa gasketi, weka gasketi. Silikoni ikizidi inatoka vipande, na kwenye makava yenye oili kipande kimoja kinaweza kuziba njia ya oili. Hapo si kava tena, ni injini.

Sasa tuzungumze biashara. Mwenye kukodisha, weka gasketi mbili za akiba kwa kila aina ya skuta uliyonayo. Ni elfu sita, zinakaa kwenye bahasha, ziweke bapa zisikunjike. Kopo la grisi nimelinunua 5,000 na mwaka huu haliishi. Mwenye kiduka, anayenunua belti muulize, "Gasketi unayo?" Si kumlazimisha. Utauza vitu viwili badala ya kimoja, na mteja atarudi kwa sababu hakuvunjikiwa kava. Fundi, iandike gasketi kwenye bei tangu mwanzo, usione haya. Mteja akilalamika elfu tatu, msimulie habari yangu.

Na kazi hizi zifanyeni masika. Mwezi wa nne na wa tano wageni hamna, hoteli nyengine zinafunga, skuta zimelala. Huo ndo wakati wa kufungua makava yote, kusafisha, kupaka grisi na kufunga. Ukisubiri mwezi wa nane utafungua kwa hasira, mgeni amesimama mlangoni na helmeti mkononi.

Ile skuta yangu masika haya nimeifungua mwenyewe. Kava limetoka bila nyundo. Nilikaa chini nikacheka peke yangu.