Ujiji ilicheka, Mzee Majuto alipata nini?

Amri Athumani, mchekeshaji maarufu kama King Majuto, alizaliwa Tanga mwaka 1948 na hakuwa mtu wa Kigoma. Hata hivyo, mtaje Ujiji, mkoani Kigoma, zaidi ya kilometa 1,200 kutoka Dar es Salaam kwa njia ya reli, na watu watakuonyesha yule mzee wa kanzu anayemkaripia kijana, akanyamaza ghafla, akakodoa macho, na watazamaji wakaangua kicheko kabla hajatamka neno. Ujiji ni mji wa Waswahili wa siku nyingi. Mzee wa namna hiyo wanaye barazani, hakuhitaji kutambulishwa. Aliwafikia kwa kanda za video, kisha kwa CD zilizonakiliwa hovyo na kuonyeshwa kwenye vibanda umiza na mabasi ya mikoani. Kila mkono uliopitisha kazi ile ulipata chochote. Mwigizaji alilipwa mara moja, siku ya kurekodi, basi.

Matokeo yake tuliyaona mwaka 2018. Mzee aliugua, akatibiwa India, akarudi, akalazwa Hospitali ya Muhimbili; katika kipindi hicho aliyekuwa Waziri wa Habari, Dk. Harrison Mwakyembe, aliunda kamati ya kupitia mikataba ya wasanii, ikiwemo ya mzee huyo. Majuto alifariki tarehe 8 Agosti mwaka huohuo. Kwa mtu aliyechekesha nchi nzima kwa miongo kadhaa, mikataba ile ilipaswa kukaguliwa akiwa bado mzima na ana nguvu.

Wapo wanaosema alisaini mwenyewe, hakulazimishwa. Ni kweli, lakini anayehitaji fedha ya leo hawezi kupimana ubavu na msambazaji mwenye soko zima mkononi. Ndiyo maana sheria za kazi huweka kima cha chini cha mshahara hata pale mfanyakazi anapokubali pungufu. Sioni kwa nini mwigizaji anyimwe kinga ya aina hiyo.

Hoja nzito zaidi ni ile ya mwenye kibanda: bila nakala za bei poa, mvuvi wa Kibirizi, Kigoma, angemwona wapi Majuto? Hapo nakubali. Kumkimbiza na polisi mtu anayekusanya sarafu mlangoni ni kumwonea, na hakumpi msanii hata senti. Afadhali fedha zikusanywe mapema, kama ilivyofanya Sheria ya Fedha ya 2023 ilipoweka tozo ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vya kunakilia kazi za sanaa. Shida ni mgawo. Tozo ikiishia kwa mwenye filamu peke yake, tutakuwa tumerudi kulekule. COSOTA, ofisi ya hakimiliki nchini, itangaze hadharani kiasi gani kimewafikia waigizaji wenyewe na warithi wao, na ianze na wale wa enzi za kanda, maana wengi wao sasa ni wazee.