Cheo cha Kazi na Cheo cha Sifa

Ndugu Wafanyakazi wa Free Area,

Aliyesomea udaktari aitwe Daktari. Fundi mwenye cheti aitwe Fundi. Hiyo ni heshima ya kazi, nasi twaikubali.

Lakini kuna cheo kinachotolewa kwa makofi. Hayati Nyerere aliitwa Mwalimu kwa kuwa alifundisha Pugu mpaka mwaka 1955. Hayati Moi, jirani yetu wa Kabarak, naye alikuwa mwalimu wa shule kwa haki. Hata hivyo watu wa KANU walimwongezea "Profesa wa Siasa". Mmoja akiwa profesa, wengine wote ni wanafunzi, na mwanafunzi hambishii profesa. Mwaka 2002 alimchagua Uhuru Kenyatta agombee urais. Waliokataa walihama, na tarehe 27 Desemba KANU ikashindwa baada ya kutawala miaka 39.

Basi katika mikutano ya chama chetu cha wafanyakazi, mwenyekiti aitwe Ndugu Mwenyekiti, tena aulizwe hesabu ya michango bila woga. Kila mwanachama ana kura moja, awe karani au mfagiaji. Heshima si utumwa.