Kiko kisicho na mate

Nimechoka na wazee wanaovuta kiko kwenye hadithi zetu. Sina ugomvi na wazee wenyewe. Ugomvi wangu ni namna wanavyovutishwa. Mzee yuko barazani, jua linazama, kiko kiko mdomoni (samahani, lugha ndivyo ilivyo). Anavuta, anatoa moshi, anasema neno zito, anavuta tena. Kurasa kumi baadaye kiko bado hakijatoka mdomoni na mzee hajatema mate hata mara moja. Hajameza. Hajafuta kidevu. Hajakigonga kiko kwenye kisigino kumwaga majivu. Jamani, huyu mzee ana koo la bati?

Yeyote aliyewahi kukaa karibu na mvuta kiko anajua kwamba shughuli ile ni nusu moshi, nusu mate. Tia kitu chochote mdomoni kikae, mate yatakuja, maana mdomo hautofautishi mwanzi na muwa. Nikotini nayo inayachochea zaidi. Halafu kuna maji mengine ambayo si mate kabisa: tumbaku inapoungua hutoa mvuke, na mvuke ukikutana na ubaridi wa mrija unageuka matone. Mate yanashuka, matone yanajikusanya, vinakutana njiani, na kiko kinaanza kukoroma kama mtoto mwenye mafua. Ukivuta kwa nguvu saa hiyo unapata ulimini maji meusi, machungu, yasiyosahaulika. Mgeni wa kiko huona haya akidhani yote yametoka kinywani mwake. Kumbe mara nyingi kosa ni tumbaku mbichi na pupa.

Haya sikuyasoma, niliyaona kwa babu yangu, huko Urambo, kwenye nchi ya tumbaku. (Mimi sivuti, na simshawishi mtu avute. Tumbaku inaua, ya kiko pia, na midomo ndiyo ya kwanza kulipa.) Babu alikuwa na kiko cha bori la udongo na mwanzi, na alikuwa na adabu nacho kuliko aliyokuwa nayo kwa wakwe zake. Kwanza aliianika tumbaku kwenye ungo, kivulini, mpaka ukiibana kwa vidole isishikane. Akishawasha, alivuta kidogo kidogo kama mtu anayeonja uji wa moto. Hakukiuma kiko kwa meno, maana ukikiuma mdomo haufungi sawasawa na mate yanapata njia. Alikitoa mdomoni, akameza, akaongea, akakirudisha. Ulimi aliuweka mbali na tundu. Kikianza kukoroma alichomeka unyoya wa kuku kwenye mwanzi, akauzungusha, ukatoka mweusi tii, akaufuta kwenye nyasi na kuendelea na habari yake pale pale alipoishia. Na alitema, bwana. Alitema upande wa kushoto, palipokuwa na mchanga, kisha akafukia kwa kidole gumba cha mguu.

Sasa niambie: hapo hakuna hadithi? Unyoya ule una tabia nzima ya mtu ndani yake. Badala yake tunapewa “akavuta kiko chake kwa utulivu”. Nimeikuta sentensi hii, au nduguye wa tumbo moja, mara nyingi mno, na nina hakika nusu ya walioiandika hawajawahi kukigusa kiko.

Cha kuudhi zaidi ni kwamba lugha yenyewe haikuwa na aibu hii. Watu wa pwani waliovuta kiko cha maji walikuwa na jina kwa kila kipande. Bori ndilo la kutilia tumbaku na moto. Digali ndiyo inayoupeleka moshi majini. Na ile sauti ya maji yanapobubujika nayo ilipewa jina lake, malio ya kiko. Hebu fikiri, watu walikaa wakaisikiliza sauti ya unyevu ndani ya chombo cha starehe, wakaona inafaa kuitwa kitu. Sisi tuliorithi maneno hayo tunaandika “kiko” basi, kana kwamba ni kalamu.

Kuna atakayesema lawama hii imfikie Muhammed Said Abdulla, kwa kuwa ndiye aliyetuletea Bwana Msa na kiko chake tangu Mzimu wa Watu wa Kale, 1960. Hapana. Bwana Msa ana haki na kiko chake. Ninaowasema ni waliokuja baadaye, walioona kiko ni alama ya akili, wakawagawia wapelelezi wao, maprofesa wao na wahenga wao kama sare ya shule. Na wakitetewa utasikia: “Mbona hata Sherlock Holmes?”

Sawa, tumwite Sherlock Holmes. Katika hadithi za Conan Doyle, Holmes havuti lile likiko kubwa la kibuyu lililopinda ambalo kila mchora vibonzo anambandika. Kile alikipata baadaye, huko kwenye maigizo na filamu. Conan Doyle alimpa viko vya udongo na vya mti. Na katika hadithi moja ya 1892, ile ya mhandisi aliyekatwa kidole gumba, Holmes anavuta kiko cha kabla ya kifungua kinywa kilichojazwa mabaki ya tumbaku ya jana, yaliyokusanywa pembeni juu ya meko na kukaushwa vizuri. Kukaushwa! Neno moja tu, lakini mwandishi anajua. Anajua kwamba kinachobaki chini ya bori ni kibonge kilicholowa mate na unyevu, na kwamba mtu anayekianika ili akivute tena asubuhi ni mtu wa namna fulani: bahili kidogo, mchafu kidogo, asiyejali Watson ataona nini. Mhusika mzima kwenye tumbaku iliyolowa.

Wazungu wenyewe wala hawakujidai kwamba mate hayapo. Kule Dublin, Charles Peterson alichukua hataza mwaka 1890 ya kiko chenye kishimo ndani cha kudakia maji kabla hayajafika mdomoni, na mwaka 1898 akaongeza mdomo wa kiko wenye tundu juu, moshi uende kwenye kaakaa na ulimi usilizibe. Kiwanda kikajijengea jina kwa sababu ya mate! Lakini kwetu mwandishi hawezi kuyapa hata nusu sentensi.

“Staha,” wanasema. Staha gani? Kwenye riwaya zetu kijana akimwona msichana tu anameza mate. Tajiri akiona kiwanja anadondokwa udenda. Mate ya uchu yanaruhusiwa, tena yanachuruzika kila sura. Ya mzee ndiyo mwiko. Nami natoka nchi ambayo Wamasai humtemea mtoto mchanga mate kumbariki. Kwa hiyo tusisingizie utamaduni.

Nina sababu ya kuwa na hasira, niiseme. Babu alipigwa na kiharusi nikiwa na miaka 14. Upande wa kulia wa mdomo ukalegea. Kiko hakuacha, alikataa katakata, ila sasa mate yalishuka yenyewe kwenye kidevu, yakifuata mwanzi. Nikapewa kazi ya kukaa kulia kwake na kipande cha kanga. Nilijifunza kupangusa kabla hajahisi, ili asigeuke. Wageni wakija, kiko kilifichwa, na siku nyingine alifichwa na yeye, chumba cha nyuma, mlango umerudishiwa. Aliyajua yote. Aliniambia kwa ule ulimi mzito, “Wanaogopa maji.”

Miaka mingi baadaye niliiandika hiyo kama hadithi fupi. Mhariri mmoja, mtu mwema tu, akaipenda, akakata kipande cha kanga, akakata kidevu, akakata mlango uliorudishiwa. Pembeni akaandika: “Si staha. Mwache avute kwa utulivu.” Nami nikakubali. Nilitaka jina langu litoke kitabuni, nikakubali. Hadithi ikatoka, nzuri, laini. Shangazi yangu, yeye aliyekuwa akifua vile vipande vya kanga kila jioni, akaisoma mpaka mwisho, akaniuliza: “Huyu mzee ni wa wapi?”

Sikuwa na jibu. Nimeitoa tena ile nakala ya kwanza, yenye mistari iliyokatwa kwa wino mwekundu, na ninaiandika upya kuanzia kidevuni.