Paul Robeson: Alibadilisha Maneno, Hakuikana Lugha

Jina la Paul Robeson likitajwa katika fakilte yetu, wengi hulifungamanisha na wimbo mmoja: «Ol' Man River», wimbo wa mbeba mizigo anayeutazama mto Mississippi. Anayeusikia kwa mara ya kwanza hunyamaza, kisha husema: «Mungu alimpa mtu huyu sauti.» Sibishi. Lakini sifa hiyo inaishia njiani. Wenye sauti nene ni wengi, hata katika korali za parokia zetu, na si wote wanaotufanya tukose la kusema. Ninachotaka kutetea hapa ni kwamba kinachotugusa katika uimbaji wa Robeson jukwaani ni kazi aliyoifanya juu ya maneno. Kwa hiyo anatuhusu sisi wanafunzi wa lugha sawasawa na anavyowahusu wanamuziki, na pengine zaidi.

Tuanze na mtu mwenyewe. Alizaliwa Princeton, jimbo la New Jersey, tarehe 9 Aprili 1898. Baba yake alizaliwa mtumwa, akatoroka, akasoma, akawa mchungaji. Mtoto huyo alimaliza masomo ya Rutgers mwaka 1919 akiwa mmoja wa wanafunzi bora wa chuo kile na mchezaji mashuhuri wa mpira wa Kimarekani. Akasomea sheria Columbia, akaiacha kazi ya sheria mapema kwa sababu ya ubaguzi, akaingia jukwaani. Mwaka 1925, yeye na mpiga piano Lawrence Brown walitoa onyesho huko New York ambalo nyimbo zake zote zilikuwa za watu weusi, nyingi zikiwa nyimbo za ibada zilizotungwa na watumwa. Kuna wasomi weusi wa siku zile walioziona nyimbo hizo kuwa aibu ya kufichwa, kwa sababu ya kumbukumbu ya utumwa na kwa sababu ya Kiingereza chake, ambacho shule ilikiita kibovu. Robeson alizipandisha jukwaani jinsi zilivyo, naye amevaa suti ya tamasha.

Mchezo wa kuimba uitwao «Show Boat», wenye muziki wa Jerome Kern na maneno ya Oscar Hammerstein, ulifunguliwa New York mwezi Desemba 1927. Nafasi ya Joe, mbeba mizigo, ilitungwa kwa kumfikiria Robeson, ila aliyeicheza kwanza ni Jules Bledsoe. Robeson aliichukua London mwaka 1928, katika ukumbi wa Drury Lane, akairudia New York mwaka 1932 na katika filamu ya mwaka 1936. Joe si mhusika mkuu. Anakaa pembeni, wazungu wanapendana na kuachana, yeye anaimba kuhusu mto. Hata hivyo watu walitoka ukumbini wakimkumbuka yeye.

Je, wimbo wenyewe ulisema nini? Katika maneno ya kwanza, watu weusi waliitwa kwa neno la dharau. Joe alitamani kuwa kama mto, ambao haujali kitu. Alieleza jinsi mtu mweusi anavyolewa kidogo akajikuta jela. Mwishoni alikiri kwamba amechoka kuishi na bado anaogopa kufa. Ni wimbo mzuri, ulioandikwa kwa huruma, lakini huruma ya mtu anayetazama kutoka ng'ambo ya pili.

Kuanzia miaka ya mwisho ya 1930, katika matamasha yake mwenyewe, Robeson aliubadilisha. Neno la dharau liliondoka. Mto ukawa mfano ambao mwimbaji hataki kuufuata, maana mto hausikii uchungu wa watu. Anayeingia jela si mlevi tena, ni mtu aliyeonyesha ujasiri. Na pale palipokuwa na uchovu na hofu, pakawa na kicheko na nia ya kupambana hadi kufa.

Hapa naomba tusikilize kama wanafunzi wa stilistiki. Wimbo unaanza chini, polepole, kama mtu anayeinua gunia. Sehemu ya mwisho inapanda ngazi kwa ngazi hadi noti za juu kabisa. Katika maneno ya Hammerstein, muziki unapanda huku mtu anazama: ushindi wa sauti ni wa mto, si wa Joe. Robeson hakugusa noti hata moja, lakini kwa kubadilisha vitenzi vichache alimfanya mtu apande pamoja na muziki. Sasa sauti ikifika kileleni, anayefika ni mwanadamu. Ndiyo sababu koo la msikilizaji linakaza mahali pale. Uzuri wa sauti peke yake haungetosha. Kilichotokea ni kwamba maana na mahadhi, vilivyokuwa vikivutana, vimeanza kutembea pamoja.

Kuna jambo jingine, nalo ndilo linalonifanya niandike katika jarida hili. Robeson alipobadilisha maneno hayo hakuyageuza kuwa Kiingereza cha vitabuni. Angeweza. Alikuwa mwanasheria wa Columbia, na mwaka 1943 alicheza Othello ya Shakespeare huko New York, maonyesho 296, idadi ambayo mchezo wa Shakespeare haukuwahi kuifikia Broadway. Kiingereza cha juu alikuwa nacho mkononi. Lakini katika mistari ile mipya, vitenzi bado vinafuata sarufi ya watu wa mashambani na bandarini, ile ambayo mwalimu angeipiga mstari mwekundu. Alifuta dharau, akaacha lahaja. Alielewa kwamba hivyo ni vitu viwili. Kosa la wimbo wa mwanzo halikuwa jinsi Joe anavyosema. Kosa lilikuwa kile alichosemeshwa.

Hapa Kongo, tofauti hiyo hatujaielewa bado. Mwanafunzi anayetoka Lubumbashi, Bukavu au Kisangani akisema «batoto» au «minaenda» katika chumba cha masomo, wenzake wanacheka kabla hawajasikia wazo lake. Tumefundishwa kwamba Kiswahili sanifu ndicho Kiswahili, na kile cha mama zetu ni uchafu wa kuoshwa mlangoni kabla ya kuingia darasani. Mimi mwenyewe naandika makala haya kwa Kiswahili sanifu, wala sioni haya, kwa sababu nataka yasomeke Goma na pia Dodoma. Lakini kuandika kwa lugha ya pamoja ni jambo moja, na kuidharau lugha ya nyumbani ni jambo jingine. Tunaosha lahaja kwa sabuni nyingi, halafu tunaacha dharau ikae palepale.

Na ushahidi tunao nyumbani. Jean Bosco Mwenda aliimba «Masanga» kwa Kiswahili cha Katanga, Hugh Tracey akairekodi mwaka 1952, na wapiga gitaa wa nchi za mbali wakaifuata. Kundi la Mufwankolo la Lubumbashi lilicheza michezo yake kwa Kiswahili cha mji ule, jukwaani, redioni na katika televisheni, mpaka mtaalamu Johannes Fabian akaandika kitabu kizima juu ya mchezo wao mmoja. Mgeni alikuja kuandika kitabu juu ya kile ambacho sisi tunakicheka. Je, ni TFC ngapi za fakilte zetu zinazochukua wimbo au mchezo wa namna hiyo na kuuchambua kama maandishi yenye heshima?

Robeson mwenyewe aliifikia lugha ya Kiafrika kwa njia ya masomo. Mwaka 1934 alijiandikisha katika chuo cha London kinachoitwa leo SOAS, akasoma fonetiki na lugha za Afrika, Kiswahili kikiwa kimojawapo. Alikuwa tayari nyota wa jukwaa, hakuhitaji diploma. Aliandika kwamba aliona undugu kati ya lugha za Afrika na namna watu weusi wa Marekani wanavyosema na kuimba. Wataalamu wanaweza kubishana naye juu ya ukubwa wa undugu huo. Lakini angalia mwelekeo: mwimbaji anaketi kwenye benchi la mwanafunzi ili ajue kinywa chake kinafanya nini. Baadaye aliimba kwa Kirusi, kwa Kichina, kwa Kiyidishi na lugha nyingine. Huko Moscow mwaka 1949 aliimba kwa Kiyidishi wimbo wa Wayahudi waliopigana na Wanazi, wakati ambapo Wayahudi wa nchi ile walikuwa wakikamatwa. Kuchagua lugha ya wimbo kulikuwa tayari tamko.

Najua pingamizi zitakazokuja. La kwanza ni hili: «Show Boat» ni mchezo wa wazungu unaomwonyesha mtu mweusi kama mtumishi mvumilivu, kwa nini tumpongeze aliyeucheza? Pingamizi hili lina uzito, na Robeson alilipa gharama yake. Filamu ya «Sanders of the River» ya mwaka 1935, ambayo hata Jomo Kenyatta alionekana ndani yake kama mchezaji mdogo, ilitoka ikisifu ukoloni wa Waingereza, naye aliikana. Sauti yake ilikuwa imeazimwa na maneno ya watu wengine. Ndipo utaona kwamba mabadiliko ya wimbo wa mto hayakuwa pambo. Ni mtu aliyejifunza kwamba mwimbaji asiyeyamiliki maneno yake, maneno yatammiliki yeye.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Robeson aliusifu Muungano wa Kisovieti, akapokea tuzo ya amani iliyoitwa kwa jina la Stalin, na hakusema hadharani juu ya mauaji yaliyofanyika kule. Sioni sababu ya kulificha jambo hili ili kumpamba marehemu. Aliyefundisha kwamba msanii lazima achague upande alinyamaza pale alipotakiwa kusema. Lakini ukimya wake haufuti kile tunachokisikia katika wimbo. Tumsome mtu mzima, pamoja na doa lake, kama tunavyowasoma waandishi wengine wakubwa katika programu yetu.

Serikali ya nchi yake nayo ilimwadhibu. Mwaka 1950 ilimnyang'anya pasipoti, hakuirudishiwa mpaka 1958. Kumbi zikafungwa. Mwezi Oktoba 1957 wachimba makaa wa Wales walikusanyika Porthcawl, naye akawaimbia kutoka New York kwa simu, waya ukipita chini ya bahari. Alipopata tena ruhusa ya kusafiri alifika hata Sydney, na mwezi Novemba 1960 akawaimbia wajenzi wa jengo la opera lililokuwa bado halijakamilika. Hakukuwa na pazia, taa wala mavazi ya Joe. Wimbo uliozaliwa katika mchezo wa biashara ulikuwa umefika mahali ambapo wabeba mizigo wa kweli waliusikia, na maneno yalikuwa yao sasa. Alifariki Philadelphia tarehe 23 Januari 1976.

Kutokana na hayo nina mapendekezo mawili kwa fakilte. Kwanza, tuusikilize wimbo huu katika somo la fonetiki na stilistiki: rekodi ya mwaka 1928, filamu ya 1936, na moja ya matamasha ya baadaye. Mwanafunzi aandike kila neno lililobadilika na kila lisilobadilika, kisha aeleze sababu. Atajifunza juu ya lahaja, sauti na itikadi katika saa mbili zaidi ya anavyojifunza kwa kunakili silabasi. Pili, tufanye hivyohivyo na nyimbo na michezo yetu, kwa Kiswahili kama kilivyotamkwa na watu waliokiimba, bila kukisahihisha kwanza.

Walimu wataniuliza: na mtihani wa Kiswahili sanifu je? Ubaki. Robeson alifaulu mitihani yote, na Shakespeare alimcheza kama alivyoandikwa. Ila alipotaka kusema la moyoni mbele ya watu, hakuona kwamba lugha ya baba yake ni ndogo kwa jukwaa kubwa. Sisi tunaosomea lugha, wengi wetu tutakuwa walimu. Siku mtoto wa Kasumbalesa au wa Uvira atakapofungua kinywa darasani, tutakuwa na nafasi ya kusahihisha kiambishi chake au ya kusikia anachosema. Mwalimu mzuri atafanya yote mawili, lakini ataanza na kusikia.