Papa Leo, Walinzi wa Mapokeo na Ndoa za Mpakani

Tangu tarehe 8 Mei 2025, siku Kardinali Robert Francis Prevost wa Shirika la Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Chicago na askofu wa zamani wa Chiclayo nchini Peru, alipochaguliwa kuwa Baba Mtakatifu kwa jina la Leo XIV, Wakatoliki waitwao wanamapokeo hawajaacha kumchunguza. Hao ni waumini wanaoamini kwamba ibada na mafundisho, kama yalivyokuwa kabla ya Mtaguso Mkuu wa Pili wa Vatikano wa mwaka 1962 hadi 1965, ndiyo kipimo cha usalama wa imani. Walifarijika alipotokea roshanini na lile joho fupi jekundu ambalo Papa Fransisko alikuwa ameliacha. Wakafadhaika tarehe 4 Novemba 2025, ilipotoka hati ya Mater Populi Fidelis, iliyosema kwamba haifai kumwita Bikira Maria Mkombozi Mwenza. Mashaka hayo huvuka bahari kwa simu za mkononi hadi Vwawa, Mlowo na Tunduma mkoani Songwe, mara nyingi yakiwa yamekatwa vipande na kutiwa chumvi, na muumini wa Songwe hana budi kujua lipi kati yake linamhusu na lipi ni ugomvi wa watu wengine.

Suala la lugha na taratibu za Misa halina uzito mkubwa hapa. Mnamo Julai 2021 Papa Fransisko, kwa barua yake ya Traditionis custodes, aliibana Misa ya Kilatini ya zamani ambayo Benedikto XVI alikuwa ameifungulia mlango mwaka 2007, na wanamapokeo wanasubiri kuona kama Leo atailegeza amri hiyo. Yeye mwenyewe, katika mahojiano yaliyochapishwa Septemba 2025, alisema jambo hilo ni gumu na kwamba yuko tayari kuketi na kuzungumza na wanaoitetea Misa hiyo. Mwezi uliofuata Kardinali Raymond Burke, mtetezi wa Misa hiyo, aliiadhimisha ndani ya Basilika la Mtakatifu Petro. Mtu aliyebatizwa, akafundishwa na kufungishwa ndoa kwa Kiswahili hapotezi kitu wala hapati kitu katika shauri hilo. Tena Afrika Mashariki ina ushahidi wake kwamba Kilatini peke yake hakilindi mafundisho: Legio Maria, kanisa lililozaliwa katika Nyanza ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1960 chini ya Simeo Ondeto na Gaudencia Aoko, lilihifadhi sala za Kilatini na mavazi ya ibada ya zamani hata baada ya parokia nyingi za Kikatoliki kuviacha, lakini lilijitenga na Roma na kujiwekea Papa wake.

Suala la mafundisho ni zito zaidi, na hapo wanamapokeo hawapaswi kubezwa. Tarehe 18 Desemba 2023 Baraza la Kipapa la Mafundisho Tanzu ya Kanisa, likiongozwa na Kardinali Víctor Manuel Fernández, lilitoa tamko la Fiducia supplicans, ambalo kwa idhini ya Papa Fransisko liliruhusu mapadre kuwabariki, bila ibada rasmi na bila kufananisha baraka hiyo na ndoa, watu wawili wanaoishi pamoja nje ya utaratibu wa Kanisa, wakiwemo wa jinsia moja. Tofauti kati ya kubariki watu na kubariki muungano wao ilikuwa nyembamba mno kwa wengi, na ufafanuzi uliofuata tarehe 4 Januari 2024, uliosema baraka hiyo ichukue sekunde 10 au 15 tu, ulizidisha maswali badala ya kuyapunguza. Waumini wa Tunduma hawakuhitaji kutazama mbali ili kuona jinsi Kanisa linavyoweza kukataa jambo kwa adabu. Ng'ambo ya mpaka, huko Zambia ambako Wanyamwanga wana ndugu zao upande wa Nakonde, maaskofu walisema katika juma lile lile kwamba tamko lile lichukuliwe kuwa la kutafakariwa zaidi, si la kutekelezwa nchini mwao, na maaskofu wa Malawi, jirani wa Ileje, walizuia baraka za namna hiyo. Tarehe 11 Januari 2024 Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, kwa niaba ya mabaraza ya maaskofu wa Afrika na Madagaska, alitangaza kwamba baraka hizo hazitafanyika barani, na alilitangaza hilo baada ya kwenda Roma na kukubaliana na Papa na Kardinali Fernández.

Njia ile ndiyo inayostahili kuigwa. Maaskofu walipinga kwa maandishi, kwa majina yao, mbele ya mwenye mamlaka, wala hawakumwita Papa mzushi. Anayesambaza sauti isiyo na mwenyewe inayodai kwamba kiti cha Petro ki wazi hatetei mapokeo yoyote, kwa kuwa utii kwa askofu wa Roma nao ni sehemu ya mapokeo hayo.

Yapasa pia kutofautisha uzito wa maneno. Fundisho lililofafanuliwa rasmi, kama lile la Kupalizwa Mbinguni kwa Bikira Maria lililotangazwa na Pius XII mwaka 1950, haliwezi kugeuzwa na Papa yeyote. Hati ya idara ya Vatikano hupokewa kwa heshima, ila inaweza kufafanuliwa upya. Mahojiano na mwandishi wa habari hayafungi dhamiri ya mtu. Kwa hiyo Papa Leo alipomwambia mwandishi kwamba anaona ni vigumu sana kwa fundisho la Kanisa kuhusu ndoa kubadilika katika siku za karibuni, wenye hofu wana haki ya kujibu kwamba mahojiano hayo hayajaliondoa tamko la 2023. Wanasema kweli, na kuwajibu kwamba wanyamaze tu hakutoshi.

Lakini hati nyingine imetoka chini ya Papa huyu, na hiyo haivumi. Tarehe 25 Novemba 2025 Baraza lile lile lilichapisha Una caro, yaani mwili mmoja, andiko refu linalosifu ndoa ya mume mmoja na mke mmoja na kuieleza kuwa ni kumilikiana kusikogawanyika, huku likiutazama waziwazi utamaduni wa Afrika wa kuoa wake wengi. Hapa mwanamapokeo wa Songwe anaguswa moja kwa moja. Tunduma ni mji wa malori: magari yaendayo Lusaka na Lubumbashi hupanga foleni yakingoja forodha, madereva hulala siku kadhaa mbali na nyumbani, wafanyabiashara huvuka asubuhi na kurudi jioni, na nyumba ndogo, hilo jina la upole la mke asiyefungiwa ndoa, hupata nafasi pande zote mbili za mpaka. Mwanamume anayelaani baraka ya sekunde 15 huko Ulaya, na huku akilipa kodi ya pango la chumba cha mwanamke wa pili kule Nakonde, anatetea nusu ya fundisho, tena nusu isiyomgharimu kitu.

Wazee wa jumuiya ndogo ndogo na makatekista wanaowaandaa wachumba wanapaswa kuidai hati hiyo, isomwe na ifafanuliwe kwa Kiswahili chepesi, kwa bidii ile ile iliyotumika kulikataa tamko la 2023. Na wale wanaokusudia kumpelekea askofu wao swali gumu juu ya mwelekeo wa Papa mpya wana haki ya kulipeleka, mradi waandike majina yao chini yake, na kabla yake watangulize lingine lililo karibu zaidi: kwa nini mtu mwenye wake wawili wanaojulikana mtaa mzima husemwa kwa upole kuliko kardinali wa Roma.