Mezani Kiswahili, Ubaoni Kiingereza

Kamboja ilikuwa chini ya himaya ya Ufaransa tangu mwaka 1863 hadi 1953. Hadi leo, katika mji wake mkuu wa Phnom Penh, si ajabu mkahawa mmoja kuandaa vyakula vya mataifa hayo mawili. Kando ya supu ya vitunguu ya Kifaransa, mlaji hukuta amok: samaki aliyepikwa kwa tui la nazi ndani ya jani la mgomba, chakula ambacho mzoefu wa samaki wa kupaka kule Mombasa hangekionea ugeni. La kuzingatia ni kwamba jina amok halikutafsiriwa. Mtawala aliondoka, upishi wake ukabaki, lakini mtawaliwa hakulipoteza jina la chakula chake.

Huko Mwihoko, Ruiru, mambo ni mengine. Hapo jirani pana Kahawa Wendani na Kahawa Sukari, na Ruiru ndiko ilikotoka aina ya mbuni iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985. Zao lenyewe lilipandwa nchini na wamishenari wa Kifaransa katika miaka ya 1890. Ajabu ni kwamba katika mikahawa ya huko, kinachonywewa zaidi ni chai! Hayo na yawekwe kando.

Mlaji wa Mwihoko huagiza kwa Kiswahili: "Niletee mchele na maharagwe, na chapati mbili." Mhudumu naye humpazia mpishi sauti kwa Kiswahili. Ubaoni, hata hivyo, mara nyingi husomeka "rice beans" na "beef fry". Githeri na mukimo zimesalimika kwa kuwa Kiingereza hakikuwa na jina la kuzipa. Pilau na chapati, zenye asili ya ng'ambo ya bahari, nazo zimeachwa zilivyo. Yaliyofukuzwa ubaoni ni maharagwe na nyama, maneno yaliyo kinywani mwa kila mlaji.

Wapo watakaodai kuwa Kiingereza huvuta wateja. Dai hilo halina mashiko. Mwenye njaa huvutwa na harufu na bei. Chanzo ni mazoea ya shuleni, kwamba Kiswahili ni cha kusemwa na Kiingereza ni cha kuandikwa, ingawa Katiba ya 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi.

Vyama vya Kiswahili vyuoni huandaa makongamano kuhusu istilahi za tarakilishi, nalo ni jambo jema. Ubao wa hoteli unahitaji chaki tu. Wanachama wanne wangeweza, Jumamosi moja, kuwazungukia wenye hoteli wa Mwihoko na kuwaomba waandike kile ambacho wateja wao husema. Na waandike "mchele", si "wali", kama ndivyo walaji wa huko wasemavyo. Usanifu unaweza kusubiri.