Arusi ndani ya nyumba bila flashi

Picha za arusi za wazee wetu ni nyeusi na nyeupe, na wako mafundi wanaopenda filamu hiyo mpaka leo. Hata nyumba isiyo na umeme inatoa picha nzuri. Lakini nusu ya kazi ni yetu sisi tunaopanga nyumba.

Kwanza, fungueni mapazia. Kiti cha bibi arusi kiwe karibu na dirisha, uso uelekee kwenye mwanga. Akilipa dirisha mgongo, uso unabaki kivuli.

Pili, fundi apime mwanga usoni, si kwenye kanzu. Kanzu nyeupe inadanganya apareyi, na uso wa binti yetu unatoka mweusi tii, macho hayaonekani. Filamu ya 400 inavumilia mwanga ukizidi kidogo; ukipungua sana, sura imepotea.

Tatu, ndani ya nyumba jicho la apareyi linakaa wazi muda mrefu kidogo, kama sehemu 1 ya 30 ya sekunde. Wakati wa kuvalishana pete, watu watulie.

Filamu moja ina picha 36 tu. Mwambieni fundi mapema ni nani asikosekane: bibi, shangazi, wakwe.

Mwisho, ombeni negativu, mziweke nyumba nyingine, mbali na picha. Sisi tuliokimbia vita tunajua: picha ikipotea, negativu inazaa nyingine. Zikipotea zote mbili, wajukuu hawataijua sura ya bibi yao.